Jinsi ya kumpata na kumchunguza dola-mchanga akiwa hai: mwongozo kamili wa siku ya bamvua

Walimu wa baiolojia wananieleza jambo lile lile kila muhula. Wamewapeleka wanafunzi pwani, wamezunguka ufukweni asubuhi nzima, wamerudi na magamba meupe yaliyokufa na hakuna aliyemwona dola-mchanga, yule mnyama bapa wa duara anayeishi kwenye mchanga wa bahari (kwa Kiingereza sand dollar), hata mmoja akitembea. Wazazi na waongoza watalii nao wanalalamika hivyo hivyo. Wapo pia waliobahatika kumpata hai, wakamtia kwenye mfuko wa plastiki, na kufikia jioni chumba kizima kinanuka.

Chanzo karibu daima ni kimoja: watu wanatafuta kitu cheupe, mahali pakavu, saa yoyote waliyopata nafasi. Dola-mchanga aliye hai si mweupe, hakai pakavu, na saa ya kumwona huamuliwa na mwezi.

Mwongozo huu ni wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa vyetu. Mnyama ninayemfuata zaidi ni Echinodiscus, yule bapa mwenye matundu mawili marefu upande wa nyuma. Spishi mbili ndizo za kukumbuka. Echinodiscus bisperforatus ana matundu yaliyofungwa pande zote. Echinodiscus auritus, ambaye wataalamu wengine siku hizi humweka kwenye jenasi ya Sculpsitechinus, matundu yake yamefunguka hadi ukingoni, kwa hiyo yanaonekana kama mikato miwili. Utakutana pia na wasio na matundu kabisa, wanene kidogo, wa jenasi ya Clypeaster. Hatua ni zile zile kwa wote.

## Vitu vya kuandaa

- Jedwali la kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe. Mamlaka za bandari za Kenya na Tanzania hulitoa kila mwaka.
- Viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino. Kandambili hunaswa na mchanga na kukuangusha.
- Beseni jeupe la plastiki, pana kuliko kina.
- Ndoo ndogo ya kubadilishia maji.
- Fimbo nyepesi yenye urefu wa kufika kiunoni.
- Vijiti vitano au sita vyenye kitambaa cha rangi, vya kuwekea alama.
- Kioo cha kukuzia. Kama huna, kamera ya simu iliyo ndani ya mfuko usiopitisha maji inatosha.
- Rula ya plastiki, penseli na daftari. Kalamu ya wino haifai kwenye karatasi iliyolowa.
- Mwavuli au kanga ya kukingia jua juu ya beseni.
- Kofia, maji ya kunywa, na saa.

Kisu, jembe na koleo viache nyumbani. Gamba la dola-mchanga ni vibati vya chokaa vilivyoshikana, na ndani mna nguzo ndogo zinazoshikilia juu na chini. Lina nguvu za kustahimili wimbi, lakini chuma kikilipiga pembeni linapasuka, na akipasuka hivyo huenda asipone.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi, halafu saa kwa jedwali

Nenda siku za bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ataona ni rahisi: kati ya tarehe 1 na 3, au kati ya 15 na 17. Siku hizo maji hupwa mbali na kuacha wazi mchanga ambao kwa wiki nzima ya maji mafu hauonekani kabisa. Dola-mchanga hupenda pale ambapo maji hayakauki kwa muda mrefu, kwa hiyo siku za maji mafu utabaki sehemu ya juu ambako hayupo.

Pwani yetu ina bahati moja kubwa. Katika bamvua, maji hufikia kupwa kabisa mchana kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi, kwa hiyo huhitaji tochi wala kuamka usiku wa manane. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Bamvua kubwa kuliko zote kwa kawaida huja karibu na Machi na Septemba, wakati mchana na usiku vinapolingana.

Fika ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi. Anayefika maji yakiwa yameshapwa anakuta mchanga wa juu umeshakauka na alama zimefutika.

Upepo nao uangalie. Kusi ikivuma kwa nguvu, maji ya fukwe zinazoelekea bahari kuu huwa na vumbi la mchanga na mawimbi madogo, usione kitu. Siku tulivu ya kati ya misimu ndiyo bora.

Onyo kuhusu maji kurudi. Tofauti ya kupwa na kujaa katika bamvua hufika mita 3.5 na zaidi sehemu nyingi za pwani yetu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kama sehemu moja ya kumi na mbili, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja. Kwa bamvua la mita 3.6 hiyo ni sentimita 30 tu saa ya kwanza, 60 ya pili, kisha 90 ya tatu. Ndiyo maana watu hudanganyika: saa ya kwanza inaonekana salama, ya tatu inakufika kifuani. Tena maji hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Kanuni yangu kwa kundi lenye watoto haina mjadala: nusu saa baada ya kupwa kabisa, kila mtu anageuka.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Unatafuta uwanda wa mchanga wenye unyevu, uliotulia, kati ya ufukwe na mwamba. Mara nyingi huwa karibu na nyasi bahari, kwenye mapengo ya mchanga yaliyo wazi katikati ya nyasi hizo au pembeni yake.

Jaribu mchanga kwa mkono. Uchukue konzi moja iliyolowa, uufinye, uachie. Ukibaki umeng'ang'ania vidole kama tope, hapo mashapo ni laini mno na hewa ni kidogo. Ukiwa umejaa vipande vikali vya matumbawe na mawe, hapo pia si pake, maana miiba yake ni mifupi mno kusogeza kokoto. Unaotakiwa ni mchanga safi, wa chembe ndogo hadi za kati, unaoachana vidole ukiutikisa majini.

Sababu ni chakula. Dola-mchanga hula kile kilichoganda juu ya chembe za mchanga: mwani wa seli moja, bakteria, na mabaki ya viumbe yanayozama kutoka juu. Pasipo na chembe za kushughulikia hana mlo.

Mambo mawili ya adabu kabla hujaingia majini. Kwanza, upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, uwanda huo huo ni shamba la akina mama wa mwani. Pita pembeni ya vigingi vyao, wala usikate njia katikati ya kamba, na ukiwakuta toa salamu ueleze ulichokuja kufanya. Wanaujua mchanga ule kuliko kitabu chochote na aghalabu watakuonyesha mahali papo hapo.

Pili, jua kama upo ndani ya hifadhi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Upande wa Tanzania kuna maeneo tengefu ya Dar es Salaam ya mwaka 1975, ambayo ni Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia ya 1995 na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ya 2000. Ndani ya hifadhi huokoti kitu, kiwe hai au kimekufa, na kumtoa mnyama mchangani kunahitaji ruhusa ya wasimamizi. Nje ya hifadhi, zungumza na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, au kamati ya wavuvi ya hapo kabla ya kuleta kundi la wanafunzi.

## Hatua ya 3: Usimtafute yeye, tafuta njia yake

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Maji yakipwa, dola-mchanga hujifukia chini kidogo ya uso wa mchanga, mara nyingi akifunikwa na utando mwembamba tu. Ukitazama moja kwa moja huoni kitu. Ila kabla maji hayajaondoka alikuwa akitembea, na mwendo wake huacha mfereji: njia pana ya kina kifupi, yenye upana uliolingana mwanzo hadi mwisho, inayojipinda taratibu bila kona kali. Upana wa njia ni upana wa mnyama.

Simama jua likiwa ubavuni mwako, si mbele wala mgongoni. Mwanga wa pembeni hufanya kingo za mfereji zitupe kivuli. Kisha tazama mbele kiasi cha hatua tatu au nne, usitazame miguuni. Ukitazama karibu mno unaona chembe. Ukitazama mbali kidogo unaona mstari.

Ukiupata mstari, ufuate hadi unapoishia. Una ncha mbili. Ncha moja imefifia, kingo zake zimebomoka: huko ndiko alikotoka. Ncha nyingine ina kingo kali na mwishoni pana uvimbe mdogo wa duara, au ufa wa duara kwenye mchanga. Yuko hapo. Kwa Echinodiscus, ukiinama utaona wakati mwingine vishimo viwili virefu vilivyozama mchangani juu ya matundu yake.

Usichanganye na hizi:

- Vilima vidogo vyenye kinyesi cha mchanga kilichojikunja kama uzi ni vya minyoo wanaoishi kwenye mashimo.
- Vinyesi vinene vya mchanga visivyo na njia mara nyingi ni vya jongoo bahari.
- Vidonge vidogo vya mchanga vilivyotandazwa kuzunguka tundu ni kazi ya kaa wadogo.
- Njia nyembamba yenye kona nyingi ni ya konokono.
- Alama ya nyota yenye mikono mitano ni ya kiti cha pweza, yaani nyota bahari, aliyejifukia.

Ukikuta mmoja, weka kijiti sentimita 20 pembeni yake na usimame kabisa. Mara nyingi wenzake wako karibu, kwa sababu wanyama hawa huishi kwa makundi yasiyo sawa: mita kadhaa tupu, halafu wengi mahali pamoja. Mtu anayeendelea kutembea kwa furaha ndiye anayewakanyaga.

Onyo la miguu. Kwenye mchanga wenye maji, samaki waitwao taa hujilaza wakiwa wamejifunika, na mwiba wao una sumu. Ushauri wa kawaida ni kuburura miguu ili washtuke waondoke. Ila kwenye eneo la dola-mchanga kuburura kunawaponda. Tumia fimbo: gusa mchanga taratibu mbele yako kabla ya kila hatua, kisha kanyaga. Usiokote konokono mwenye umbo la pia hata akiwa mzuri namna gani, maana wapo wanaochoma kwa sumu inayoweza kuua. Karibu na mawe kuna samaki-jiwe. Aliyechomwa na taa au samaki-jiwe atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, na apelekwe hospitali.

Utajuaje umefaulu: una vijiti vitatu au zaidi vilivyosimama, kila kimoja kando ya ncha kali ya mfereji, na hujagusa mnyama yeyote bado.

## Hatua ya 4: Mfunue kwa mikono

Jaza beseni kwanza. Maji yatoke palepale, si kwenye kidimbwi kilichochomwa na jua. Weka chini mchanga wa mahali hapo hapo kiasi cha vidole viwili, uache utulie.

Sasa piga magoti, ingiza viganja vyote viwili chini ya mnyama, kina cha vidole vinne, umwinue pamoja na mchanga ulio chini yake. Usimshike ukingoni kwa vidole viwili na kumvuta. Miiba ya chini inashika mchanga, na ukingo ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Usimwinue juu ya maji zaidi ya muda wa kumhamishia beseni.

Ukikuta chini ya mchanga mnyama mwenye umbo la moyo na miiba mirefu iliyolala, mwache. Huyo ni ndugu yake mwingine, gamba lake ni jembamba mno, na miiba yake inachoma.

## Hatua ya 5: Hakikisha yuko hai

Aliye hai ana rangi ya kahawia, zambarau iliyokolea au kijivu, na uso wake wote umefunikwa na miiba mifupi mno, iliyosongamana, laini kama mahameli ukiipitisha kidole. Aliyekufa miiba imedondoka, gamba ni tupu na limeanza kuwa jeupe au kijani kwa mwani.

Kuna hali ya katikati inayowapotosha wengi: rangi bado ya kahawia, miiba bado ipo, lakini hatikisiki. Mweke kwenye maji ya beseni na umwangalie kwa kioo dakika moja nzima. Miiba ikisogea hata kwa uvivu, yuko hai. Katika jambo hili napenda watu wakosee upande wa huruma. Ukiwa na shaka, mhesabu ni mzima na umrudishe.

## Hatua ya 6: Mchunguze kwa dakika kumi

Dakika kumi, si nusu saa. Beseni lililo juani hupata joto haraka kuliko bahari, na maji machache huishiwa hewa. Shika mwavuli juu yake. Zikipita dakika tano, mwaga nusu ya maji, ongeza mapya. Usitumie maji ya bomba au ya kisima hata tone: mwili wake umejaa maji ya chumvi sawa na bahari, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, humharibu.

Anza na mgongo. Utaona alama ya ua lenye petali tano. Si pambo. Kila petali ni safu mbili za vitundu ambamo hupita vijiguu laini, bapa, vyenye ngozi nyembamba, na hivyo ndivyo anavyopumulia. Ukisogeza kioo karibu na maji yakiwa yametulia utaviona vikiyumba.

Angalia miiba sasa. Haisogei yote kwa pamoja. Mwendo unapita kwenye miiba kwa mawimbi, safu baada ya safu, na mawimbi hayo ndiyo yanayosukuma mwili mbele. Sehemu nyingine za ngozi zina vinyweleo vidogo sana visivyoonekana bila darubini, vinavyoendesha maji na uchafu. Dondosha chembe tatu nne za mchanga mgongoni kwake utazame zinavyosafirishwa kuelekea pembeni.

Kisha mgeuze, ndani ya maji, kwa muda usiozidi dakika mbili. Chini ndiko kwenye siri ya maisha yake. Katikati kabisa kuna mdomo, na ndani yake meno matano. Kutoka mdomoni hutoka mifereji mitano inayogawanyika matawi kuelekea ukingoni. Hizo ni njia za chakula: vijiguu huokota chembe zilizo na mlo, huzipitisha kwenye mifereji hadi mdomoni, na taya huzisaga.

Tafuta na tundu la kutolea haja. Kwa wale ndugu zake wenye miiba mirefu myeusi wanaochoma watu mwambani, tundu hilo liko juu kabisa, mkabala na mdomo. Kwa huyu limehamia chini, kati ya mdomo na ukingo wa nyuma, katikati ya yale matundu mawili marefu. Mnyama anayeishi amefukiwa huendelea mbele na kuacha taka zake nyuma. Ndiyo maana ana mbele na nyuma, ilhali mwili wake umejengwa kwa mpango wa sehemu tano.

Wanafunzi watauliza matundu yale marefu ni ya nini. Majaribio yaliyofanywa kwa ndugu zake wa Amerika, wa jenasi ya Mellita, yalionyesha kuwa maji yanayopita kwa kasi juu ya mwili bapa huuvuta kwenda juu, na matundu hupunguza mvuto huo ili asing'olewe na mkondo. Pia huwasaidia kupitisha chakula kutoka juu kwenda chini.

Mrudishe kifudifudi na umwache. Hapa ndipo penye jambo la kuonekana kwa macho bila kioo. Kwanza atatulia. Baada ya muda ukingo wa mbele, ule ulio mkabala na matundu, utaanza kuzama pembeni kidogo. Chembe zitapanda juu yake kama zinavutwa. Mwili unasogea mbele na chini kwa pamoja, haendi chini moja kwa moja, na mstari wa mchanga unapanda mgongoni ukifunika petali moja, kisha ya pili. Mwache mtoto mmoja ashike saa na mwingine achore mstari huo kila dakika. Mchoro huo mmoja unamfundisha mengi kuliko ukurasa wa maelezo.

Ukiona haya, simamisha: miiba imelala yote, hakuna kinachosogea, au maji yamegeuka rangi. Doa la manjano au kahawia kwenye kiganja si damu wala si jeraha. Ni rangi ya ngozi ya baadhi ya spishi. Ila ni dalili kwamba umemshika muda mrefu.

Utajuaje umefaulu: umeona mawimbi ya miiba, umeutambua mdomo na tundu la haja, na umemwona akianza kujifukia kwa upande wa mbele.

## Hatua ya 7: Mrudishe alipokuwa

Si karibu na alipokuwa. Pale pale penye kijiti. Mlaze bapa, mdomo chini, kwenye mchanga wenye maji angalau ya kifundo cha mguu. Usimtupe kutoka ulipo simama. Akiangukia mgongo, kujigeuza ni kazi ngumu kwa mnyama bapa mwenye miiba mifupi, na kabla hajafaulu ndege na jua vitakuwa vimemwona.

Usimfukie kwa nguvu. Ngoja pale mpaka nusu ya mgongo iwe imefunikwa, ndipo ung'oe kijiti.

Kuna sababu kubwa ya kusisitiza mahali pale pale. Wanyama hawa hutoa mayai na mbegu majini, na watoto wao huelea kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini. Kwa Dendraster excentricus, anayeishi pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, imethibitishwa kwamba viluwiluwi hao huchagua kutua kwenye mchanga wenye harufu ya wakubwa wao. Kuhamisha au kumaliza wakubwa wa mahali fulani kunaweza kuwaharibia wadogo ambao bado hata hawajafika. Kwa spishi hiyo hiyo, mwaka 2008 watafiti Dawn Vaughn na Richard Strathmann walionyesha kuwa viluwiluwi wakihisi ute wa samaki hujigawa na kuwa wawili wadogo zaidi, ili wasionekane na wanaowala. Waelezeni wanafunzi hili wakati mnasubiri mnyama wenu ajifukie. Muda hupita upesi.

## Hatua ya 8: Hesabu, kama mmekuja na darasa

Funga kamba ya mraba wa mita 1 kwa 1 kwenye vigingi vinne. Iweke mahali kumi bila kuchagua palipopendeza, kwa mfano kila baada ya hatua 15 kwenye mstari ulionyooka kutoka ufukweni kwenda kwenye mwamba. Hesabu ncha kali za mifereji ndani ya kila mraba, bila kufukua. Andika pia kina cha maji na kama kuna nyasi bahari.

Miraba mingi itakuwa na sifuri. Msifute sifuri hizo, ni matokeo. Zikiwekwa kwenye grafu pamoja na ile yenye wengi, zinaonyesha ule mtindo wa kuishi kwa makundi. Mkirudi bamvua jingine kwenye mstari ule ule, mna kitu cha kulinganisha.

## Hatua ya 9: Soma magamba ya waliokufa

Ukipata gamba tupu nje ya hifadhi, lisome kabla ya kuliweka kando.

Tundu dogo la duara lenye ukingo safi, ambalo halimo kwenye mpangilio wa kawaida wa gamba, ni kazi ya konokono wakubwa wa jamii ya Cassidae. Hulainisha chokaa kwa tindikali, hukata kwa ulimi wao wenye meno, kisha hunyonya kilichomo. Ukingo uliomegwa kwa umbo la nusu duara unaelekea kuwa wa samaki wenye taya ngumu kama kikande. Ukingo huo ukiwa umelainika na kufunikwa tena na vibati vidogo, mnyama aling'atwa akapona, akaendelea kuishi.

Litikise sikioni. Kinachogonga ndani ni vipande vya taya vilivyoachana.

Anayetaka kulihifadhi kwa ajili ya darasa alilowanishe kwenye maji yasiyo na chumvi siku mbili, akibadilisha maji hadi yasichafuke, kisha alianike kivulini. Watu wengi hukimbilia dawa ya klorini ili lipate weupe. Ikiwa kali, hulidhoofisha gamba hata likawa unga ukiligusa. Likishakauka, anayetaka weupe aliweke juani; jua la siku chache linatosha. Lihifadhi kwenye kisanduku chenye pamba, na ndani yake kikaratasi chenye tarehe, mahali na kina cha maji ulipolipata. Ukitaka kujua spishi kwa uhakika, piga picha ya juu, ya chini na ya ubavu, ukiwa umeweka rula pembeni, uzipeleke Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar au KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, iliyopo Mombasa. Picha ya chini ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mtaalamu hutazama mifereji ya chakula na mahali lilipo tundu la haja.